Mkono Uliobaki Chini

Amahoro, ndugu zangu wa Mushasha. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu cha michango kaniambia "simama useme", na mi nikipewa amri nasimama kabla sijauliza kwa nini. Mnacheka. Chekeni tu, ila mnisikilize.

Mi ni mtoto wa Makebuko. Niliingia jeshini kijana, na amani ilipokuja tukaambiwa wengine turudi nyumbani. Nikavua kombati, nikarudi kwa mke wangu, naye alikuwa ameshajifunza kuishi bila mimi. Jembe likanishinda. Si uvivu. Nilikuwa nasimama shambani nangoja mtu aniambie nianzie wapi. Nawaambia, kuamka asubuhi na hakuna anayekutuma kunachosha kuliko kazi yenyewe.

Jeshini niliwahi kushika hesabu za stoo, basi mke wangu akanisukuma nisome uhasibu hapa Gitega, jioni jioni. Nikapata cheti, nikapata na kazi ya majaribio kwenye ushirika mmoja wa akiba kule Muyinga, kukaa gishe, lile dirisha la pesa, kupokea na kulipa. Mke wangu akanipigia pasi shati jeupe, akasema, "Hii ikikushinda, mi sina tena wazo lingine." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka.

Hesabu zangu zilikuwa sawa. Watu ndio walinikimbia. Gishe ziko mbili: ya mwenzangu foleni mpaka mlangoni, yangu tupu. Nikiwaita wanasema hapana, tunangoja tu. Nikajaribu kuwachekea, ikawa mbaya zaidi.

Siku moja akaja kwangu mama mmoja mtu mzima, wa hawa waliorudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania. Nikamwambia, "Kitambulisho." Neno moja tu, kama karani yeyote. Mama akashusha mzigo wake, akaufungua, akatandaza vitu sakafuni: kitenge, sabuni, maharage. Halafu akarudi nyuma, akasimama, mikono wazi. Alikuwa anangoja nimpekue, kama pale bariera ya wanajeshi barabarani. Nilitaka kusema mama, okota vitu vyako. Mwenzangu ndiye aliyetoka kumsaidia. Mi nimekaa tu.

Shefu wetu, mwanamke mpole, akaniita. Hakunigombeza. Akasema, "Unawalipa kwa mkono mmoja. Mwingine uko chini ya meza. Wanauliza umeshika nini huko."

Ndugu zangu, mnajua malezi yetu. Hata mtoto akikupa maji, mkono wa kulia unatoa, wa kushoto unaushika pale karibu na kiwiko. Na mi mama yangu alinifunza hivyo. Kumbe ule wa kushoto ulizoea kukaa pajani, kulinda bunduki ambayo haipo tena, na mwenyewe sikujua.

Nikafanya mazoezi nyumbani, nampa mke wangu kikombe, naweza vizuri. Nikifika gishe, mtu akisimama tu mbele yangu, mkono unateremka wenyewe. Nautazama kama wa mtu mwingine. Nililia chooni, mwanaume mzima. Shefu akaniambia kwa huruma kwamba mwezi ukiisha tutaagana, na mi nikamwambia ndiyo, shefu. Ningesema nini?

Kabla mwezi haujaisha, yule mama akarudi. Akaiacha foleni ya mwenzangu, akaja kwangu. Kwa nini, mpaka leo sijui. Nikamsogezea pesa zake. Hakuzigusa.

"Mwanangu, mkono wa pili uko wapi?"

Nikautazama. Uko pajani.

"Ulete. Nitangoja. Kungoja nimeshazoea."

Nikauambia panda, haupandi. Jasho linanitoka, shati lile jeupe limelowa mgongoni, watu wanatazama. Mama hakutabasamu, hakunionea huruma, na hakuondoka. Mwishowe ukapanda, ukashika kiwiko. Akapokea kwa mikono yake miwili.

"Karibu nyumbani," akaniambia.

Yule aliyerudi kutoka kambini ndiye aliyenikaribisha, mi niliyekuwa na bunduki. Aliyekuwa nyuma yake akaja kwangu pia. Mwezi ukaisha, shefu akasema nibaki.

Sijashinda, msinipigie makofi. Lori likifunga breki hapo nje, mkono unashuka bado. Namshukuru mke wangu, aliyebaki na mimi hata wazo lilipomwishia. Namshukuru shefu, aliyeniambia ukweli bila kunidharau. Na yule mama, popote alipo, Mungu amtunze. Nilichojifunza ni kidogo: mtu akishindwa, usimfanyie kazi yake, wala usimwache. Mngoje.

Sasa hivi nitapita kutoa mchango wangu kama ninyi. Mkiona mkono huu umebaki chini, msiniogope. Niulizeni uko wapi, halafu mningoje.