Muhula Mzima Bila Neno

Ndani ya basi la jijini Riyadh, Adhiambo, mfanyakazi wa nyumbani, alimweleza mwanamume Mkenya aliyeketi kando yake kwamba bintiye wa darasa la tatu kule Ahero, Kenya, amemaliza muhula mzima bila kufungua mdomo darasani.

"Dada, mwalimu wake ampe kazi ndogo, hata kugawa vitabu," alisema yule mwanamume, naye ni mwalimu wa shule ya msingi hapo Riyadh.

"Wako tisini darasani. Hata jina lake mwalimu halijui."

"Mimi wangu ni ishirini, na mmoja amekaa na njaa wiki nzima nisijue," akakiri huku akisugua macho. "Ukipiga simu, huwa unamuuliza anacheza na nani?"

Kila Ijumaa akipiga simu, Adhiambo huuliza alama tu. Basi likasimama kituoni pake, akashuka bila kuaga.