Nashoni Ogada, Mwoga Aliyetutoa Shimoni

Ndugu Nashoni Ogada ameutumikia mdomo wa duara namba mbili, shimo letu la dhahabu hapa Nyakunguru, kwa miaka ishirini na mitatu, miezi minne na siku kumi na sita. Anastaafu leo Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2019. Siku zote hizo kazi yake ilikuwa kuwaita watu watoke ardhini salama, na siku zote hizo aliogopa, Jumapili ikiwemo.

Maneno haya ni yangu mimi Teresia, mpika chakula wa hapa duarani, ambaye wengi mnaniita Mama Mwikwabe. Kalamu ni ya Beryl wa ofisi ya kikundi, kwa sababu mimi darasa nililiona kwa nje tu. Nimemkataza kuyapaka maneno yangu mafuta.

Nashoni ni mzaliwa wa Turwa, Mjaluo mwenye binamu wengi ng'ambo ya Sirari. Mwaka 1996, dhahabu ilipowatoa watu akili, alikuja hapa na binamu yake Ouko, kila mmoja na sururu mpya. Ouko alishuka bila neno. Nashoni akafungwa kamba kiunoni, akashushwa kiasi cha urefu wa mlango, akapiga ukelele hata kuku wangu wanaoatamia wakaacha mayai. Wakamvuta juu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akamuuliza kama kwao hata kitandani mtu hushuka kwa ngazi.

Mwenye duara wakati huo, marehemu mzee Waisiko, hakucheka. Alisema mtu mwenye sauti ya kufika mbali hivyo, tena anayeliogopa shimo kiasi hicho, ndiye wa kuketi mdomoni, maana shujaa atasinzia. Hivyo ndivyo Nashoni alivyoajiriwa. Alileta kigoda chake, akakifunga kwa mnyororo kwenye kisiki ili asiteleze, na hakusinzia hata siku moja.

Kwa wageni mliokuja leo na hamjui kazi zetu: duara letu lina kina cha mita arobaini, na njia yake imepinda mara mbili. Anayepanda kutoka chini haoni mdomo. Ana kamba, ana vipande vya miti vya kukanyagia, ana tochi kichwani, na pumzi ni ya kuhesabu. Ipo kona moja ambako mtu wa mdomoni huanza kuiona ile tochi. Hapo humwita kumjulisha kwamba ameonekana. Ni neno moja tu, lakini aliyewahi kupanda atakwambia hilo neno ni nusu ya pumzi. Kumbe bado nipo. Kumbe juu kuna mtu anayejua kwamba nipo.

Mwanzoni Nashoni aliita wote kwa Kiswahili: unaonekana. Baadaye akagundua jambo ambalo mwoga peke yake angeligundua. Mtu akibanwa na hofu, Kiswahili ndicho cha kwanza kumtoka kichwani, kwa kuwa alikijua ukubwani. Kinachobaki ni alichonyonya. Yeye mwenyewe siku ile ya kwanza alikuwa amelia Kijaluo kitupu. Basi akaanza kumuuliza kila anayekuja, kabla hata ya jina la baba yake, kwamba kwenu mtu akionekana mnasemaje.

Akina Ouko na Okinyi aliwaita "inenori". Ukikisikiliza Kijaluo vizuri, ni kama wewe mwenyewe ndiye umejileta mbele ya jicho la mwenzio. Konstantino wa Bukoba alimfundisha "noboneka", akamweleza kwamba kwao kuonekana na kupatikana vinakaa nyumba moja, ndiyo maana akiitwa hivyo anahesabu amekwisha kupatikana hata kama miguu bado iko gizani. Mwanangu Mwikwabe alikataa vyote. Alisema yeye hataki kuonekana hivi hivi kama mbuzi, anataka kusikia jina la aliyemwona. Basi kwake Nashoni aliita, "Nimekuona mimi, Nashoni wa Ogada," na Mwikwabe akapanda mbio.

Kiswahili chenyewe ndicho kilichobaki kumsumbua. Siku moja akila ugali kwangu alisema: unaonekana, sawa, lakini unaonekana na nani? Hakisemi. Anaweza kuwa mama yako, anaweza kuwa chui. Wakamcheka, wakasema Nashoni amefuga chui ndani ya Kiswahili. Mimi pia nilicheka. Sasa sicheki.

Aprili 2011 ilikuwa mvua juu ya mvua. Asubuhi moja, saa mbili hivi, watu sita wakiwa chini, ukuta wa duara ulisogea. Hatukusikia kishindo. Tulisikia matimba yanalia, ile miti inayoshikilia ukuta, kwa sauti ndogo kama mlango wa jirani. Nashoni alikwisha kusimama kabla yetu. Akawaita mmoja mmoja, kila mtu na neno lake, na watano wakatoka wakiwa na udongo mpaka ndani ya masikio. Wa sita hakutoka. Jina lake Huruma, yule ambaye alipoulizwa neno la kwao alisema Kiswahili kinatosha.

Udongo ulikuwa umeziba ile kona ukaacha upenyo wa upana wa beseni. Ndani ya ule upenyo tuliiona tochi yake. Wakati huo mtendaji wa kijiji alikuwa amefika na askari wawili, na walisema kweli: ukuta unaendelea kutembea, hakuna ruhusa ya mtu kushuka kumfuata maiti. Kama kuna aliye hai, wavutaji wajaribu mara moja. Kama hakuna, shimo lifungwe.

Nashoni akainama, akaita kwa nguvu zote, "Huruma! Unaonekana!"

Tochi ikazimika.

Watu waliguna. Konstantino akavua kofia. Askari mmoja akasema basi, betri imekwisha na mtu naye amekwisha. Mimi nilishika kichwa, kwa sababu Huruma alikuwa amelala kwenye kibanda changu cha jikoni mwaka mzima na nilimpenda kama niliyemzaa.

Nashoni hakuguna. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, lakini alikuwa anafikiri. Betri ikiisha, mwanga hugeuka njano kwanza, hufifia kama mzee anayesinzia. Huu ulikatika. Akasema polepole, "Maiti hazimi tochi." Kisha akaja moja kwa moja kwenye masufuria yangu, akaniuliza chini ya pumzi, "Mama Mwikwabe, huyu mtu anamwogopa nani?"

Mimi nilikuwa najua. Peke yangu nilijua. Huruma alituambia wote kwamba ni mtu wa Singida, lakini mimi ni mzaliwa wa Natta, nimekuja huku kwa kuolewa, na jioni ya kwanza alipoungua kidole na sufuria yangu, neno lililomtoka lilikuwa la kwetu. Nilimbana, akaniambia. Aliwahi kuingia na wenzake ndani ya hifadhi kubeba nyama. Mwenzake alikamatwa akamtaja. Usiku ule alilala kwenye majani, askari wanapita na mataa, na mmoja wao akawa anasema, "Yule anaonekana, yule anaonekana." Hawakumpata. Akakimbia mpaka kwetu shimoni, mahali ambapo jua halimjui mtu. Aliniapisha nisimwambie yeyote, na niliapa kwa kaburi la baba yangu.

Sasa mwone huyo kijana. Udongo umemlalia mguu, masikio yamejaa vumbi, na sauti asiyoitambua inatoka juu kwa Kiswahili inamwambia anaonekana. Alifanya alichofanya kwenye majani. Alijificha. Alizima tochi ili afe salama.

Na askari wawili hawa hapa, hatua kumi kutoka kwangu.

Sitawadanganya, niliogopa. Nikisema, amefungwa. Nikinyamaza, amefukiwa. Kiapo cha kaburi la baba si kitu cha kuchezea kwetu. Nilimtazama Nashoni, mtu anayeogopa radi, anayeogopa chura, aliyewahi kufukuzwa na mbuzi jike mbele ya watu wote, nikaona kwamba hofu yake haina mahali pa kumuumiza mtu mwingine. Nikamwambia sikioni.

Hakulaumu, hakushangaa. Aliniuliza tu wawindaji wa kwetu huambianaje ili mwenzao atoke mafichoni. Nikamwambia la baba yangu, maana sijui kama wengine walilitumia. Baba yangu hakumwambia mwenzake kwamba nakuona. Mtu aliyejificha hataki kuambiwa hivyo. Alimwambia nyasi zimelala, yaani hakuna jicho juu yako, toka. Nikamfundisha Nashoni kwa Kinatta, mara tatu. Alilitamka vibaya, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Nilidhani atalipigia kelele. Kumbe alikwisha kuona kwamba hilo neno halipigiwi kelele mbele ya askari. Akachukua kamba akajifunga mwenyewe. Ouko, binamu yake, alimshika mkono akamwambia wewe mpumbavu, wewe hata ngazi ya kanisa unaipandia pembeni. Nashoni akamjibu kwamba anajua, washike kamba vizuri. Mtendaji akasema anashuka kwa hiari yake na kila mtu amesikia. Suruali ya Nashoni ilikuwa imelowa, na si mvua. Beryl alitaka kulifuta hilo. Nimekataa. Mkitaka kujua ukubwa wa jambo lazima mjue lilimgharimu nini.

Mwikwabe na Konstantino walishika roda, lile gurudumu la kamba. Kamba ikashuka, ikasimama, ikashuka tena. Sisi juu hatukuona kitu. Mwikwabe, mwanangu mwenye mikono kama magogo, alikuwa analia na hakuwa na mkono wa kujifuta. Matimba yakalia tena. Askari mmoja akaangalia saa. Mimi nilikuwa naongea na baba yangu aliyekufa, namwambia hasira zako niletee mimi, waache hao wawili.

Ya kule chini alinisimulia Huruma baadaye. Alisema alisikia mtu anashuka huku anapumua kama ng'ombe anayezaa, na kila baada ya hatua anasema Yesu wangu kwa Kijaluo. Kisha mtu huyo akaweka mdomo kwenye upenyo, akasema lile neno, kwa ulimi mbovu kabisa, polepole, kama anayemwamsha mtoto. Huruma alidhani amekwisha kufa na mababu wanakosea matamshi. Likasemwa mara ya pili. Ndipo alipowasha tochi.

Nashoni alichimba kwa mikono. Kucha mbili hazijarudi mpaka leo, mwombeni awaonyeshe. Kamba ikatikiswa mara mbili, maana yake vuteni, na roda ikazunguka mpaka ikatoa moshi.

Kabla kichwa cha Huruma hakijafika kwenye mwanga, Nashoni alimfunika koti lake lote. Akatangaza kwamba huyu macho yamejaa vumbi la mwamba, asifunuliwe, atapofuka. Askari, mtu mwema, alishika miguu akasaidia kumbeba mpaka kibandani kwangu. Alimbeba yeye mwenyewe. Akauliza jina, akaambiwa Huruma, jina alilojipa huku, kama lilivyo kwenye daftari la duara. Saa nane mchana duara likajifunga lenyewe. Tulilifukua upya miezi mitano baadaye.

Msifikiri nawafundisha kuficha watu. Nashoni hakuridhika. Kwa miaka miwili alimwambia Huruma kwamba mtu hawezi kuishi akizimazima tochi, na mwaka 2013 wakapanda basi pamoja mpaka Mugumu, Huruma akajitaja mwenyewe kwa wanaohusika. Alitumikia kifungo chake akakimaliza. Sasa anachunga ng'ombe za mjomba wake Natta. Haya yote ameniruhusu kuyasema. Ameketi safu ya pili, mwenye shati la mistari, na ametoka Natta alfajiri kwa ajili ya sherehe hii.

Katika miaka ya Nashoni duara letu limemeza watu wawili, na wote wawili wakati yeye yuko kitandani na malaria. Majina ya waliotoka hakuna daftari linaloyatosha.

Kwa nini anaondoka? Wengine mmesema umri. Si umri. Mwezi wa tatu mwaka huu alimwita Nathan, yule wa Shinyanga, kwamba anaonekana, na Nathan akatoka salama, tukaendelea na kazi. Jioni Nashoni alisimama mbele ya kikundi kizima akasema hakuiona ile tochi. Aliita kwa kusikia mikwaruzo ya viatu. Mtoto wa jicho ameziba macho yote mawili, na alikuwa amelificha jambo hilo wiki tatu kwa kuogopa kuachishwa. Akasema anachoogopa zaidi ni neno lake kuwa la uongo. Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kunyamaza mpaka leo. Wangapi hapa wangesema?

Nafasi yake inachukuliwa na Luciana, aliyekuja kutoka Geita na ambaye Nashoni amemfundisha kwa miezi sita, yeye akiitazama tochi na Nashoni akiita. Nimemwangalia. Anaogopa vizuri. Lakini mimi Jumatatu mwanangu anashuka, na itakuwa mara ya kwanza anashuka bila sauti ile mdomoni, na tangu juzi ugali wangu unaungua.

Shemeji Nashoni, kikundi kinakushukuru, wapishi wanakushukuru, na wake wa hawa watu wanakushukuru hata wale waliokucheka. Nenda Turwa kwa Dorka wako na wajukuu. Fanya ile operesheni ya macho, usianze kutafuta sababu. Mungu akupe siku nyingi zenye chakula na watu wa kula nao. Tulikuwa tunashuka kwa amani kwa sababu ulikuwa unaogopa kwa ajili yetu sote, miaka ishirini na mitatu. Huo woga usiondoke nao, uache hapa mdomoni. Kuanzia Jumatatu tutaogopa wenyewe. Wewe lala.