Kitanda cha Karibu na Mlango

Ndugu zangu, Bwana na apewe sifa. Mimi ni Eliza, mama wa kule Mata, na kusimama kwangu mbele yenu leo ni huruma ya Mungu tupu.

Mwaka jana niliugua kifua, nikaletwa hospitali huku Voi. Mtoto wangu nilimwachisha ziwa kwa haraka, nikamwachia mamangu. Wodini sisi wagonjwa tuliamini jambo moja: kitanda cha karibu na mlango ni cha wanaongoja kufa. Hakuna aliyemwuliza sista. Mgonjwa mgeni akifika, tunamnong'oneza. Dada mmoja wa Salaita alipohamishiwa pale, alikataa chakula na dawa mpaka akazidiwa. Aliyemfuata alijiumiza mwenyewe. Tukasema kitanda kile kina mkosi, na kwa kusema hivyo tulizidi kuogopeshana.

Kisha nikahamishwa mimi. Ndugu zangu, nililia mpaka machozi yakakauka. Nikawaza, kwa nini nimchoshe mamangu kwa safari za kuja kunitazama nikifa? Asubuhi iliyofuata nilitoka, nikapita nyuma ya jiko, nimekusudia kujitoa uhai.

Lakini Mungu alikuwa ametangulia. Mama Wakesho, aliyekuwa akimpikia dadake mgonjwa, aliniona uso, akaacha sufuria motoni, akanifuata. Hakunigombeza. Alinishika mabega, akasema, "Mwanangu, keti hapa na mimi. Uchungu huu si wa kubeba peke yako." Tukaketi hata ugali wake ukaungua. Ndipo akanipeleka kwa sista, nikasema yote.

Sista akaniambia, "Eliza, pale tunamweka anayeanza kupata nguvu, apate kutoka nje kuota jua."

Jamani! Sikujua nicheke au nilie. Tangu siku hiyo kila anayehamishwa aliambiwa sababu kwanza.

Sitawadanganya, giza lile lilinirudia mara nyingi. Kila lilipokuja niliomba, na nilimwita mtu. Leo napumua vizuri, na anayelia pale nyuma ni mwanangu.

Namshukuru Yesu aliyenitoa shimoni. Na wewe uliyeketi hapo umechoka kuishi, unadhani umetupwa: Mungu hajakuacha. Usirudi nyumbani na jambo hilo moyoni. Njoo uniambie, hata kama hujui pa kuanzia.