Pi Hmingliani na Matarishi wa Mwasho

Mchungaji, wazee wa kanisa, vijana wa mtaa mliochimba kaburi tangu alfajiri, ndugu na majirani mlioketi uani na vikombe vya chai, familia imemtuma Darthuama, kaka mkubwa wa marehemu, awasomee historia hii, naye ameagizwa na marehemu mwenyewe asimpambe, agizo ambalo halitampa taabu, kwa maana marehemu alikuwa mtu wa kuchosha.

Pi Hmingliani alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Keitum, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, Pu Chawngkhuma, na mama yetu, Pi Kawlchhingi. Kabla hajatimiza miezi minne mashavu yake yaliwiva na kutoa majimaji, kisha ukurutu ukahamia kwenye viwiko, nyuma ya magoti na mikononi, na tangu siku hiyo kijiji kizima kikawa daktari. Yuko aliyesema mama alikula nguruwe mwitu akiwa mjamzito, yuko aliyesema ni uchafu, na yuko aliyeleta mafuta ya nguruwe yaliyochachushwa, yale yale tunayoungia mboga, akampaka mtoto mwili mzima, hata mbwa wawili wakashinda wakimfuata.

Mama, ambaye hapakuwa na mwanamke msafi kama yeye Keitum nzima, alilishika lile la uchafu, akawa anamsugua mwanawe asubuhi na jioni kwa sabuni ya kufulia na dodoki, na hata Januari 1967, wanajeshi wa serikali, wakiwasaka waasi, walipotuhamishia kwenye kambi ya kando ya barabara, mahali ambapo maji yalipangiwa foleni nusu siku, fungu lake la maji liliishia kwenye ngozi ya Hmingi. Na kwa kuwa mtoto alijikuna hadi damu kila alipolala, alifungwa mikono kwa vipande vya puan kuukuu, nguo ya mama ya kujifunga kiunoni, tangu akiwa na miaka mitano hadi alipofika kumi na miwili.

Alimaliza sekondari mjini Aizawl mwaka 1974, akapata shahada ya sayansi mjini Shillong mwaka 1978, akaenda kusini mwa India kusomea kinga ya mwili, akahitimu mwaka 1984, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya serikali hapa Aizawl, alikofanya kazi miaka thelathini na moja bila kuchelewa hata siku moja, jambo ambalo wenzake hawakumsamehe kamwe.

Kazi yake mnaijua, maana hakuna harusi wala mkutano wa akina mama ambako hakuieleza. Alisema kwamba kinga ya mwili haikurupuki yenyewe, bali hutumwa, kwamba seli zake hutoa chembe ndogo za ujumbe, ambazo yeye aliziita matarishi, na ambazo wataalamu, kwa uvivu wa kutafuta majina, wamezipa namba. Kwa mwenye ukurutu, tarishi wa nne na wa kumi na tatu hupiga kelele kwamba adui kaingia ilhali hajaingia, na kwa kelele hizo ngozi huacha kujijenga, ukuta wake hupata nyufa, vumbi sasa huingia kweli, na matarishi huzidi kumwagika. Kwa hiyo anayesugua anaubomoa ukuta ambao tayari una nyufa. Watu waliitikia kwa vichwa, kisha jirani mmoja akauliza, "Sawa, Pi Hmingi, lakini majani ya mpera umeshajaribu?"

Tarehe 8 Oktoba 1994 alikuwa akikausha nyama ya nguruwe juu ya moto, moshi ukatoka dirishani, na mpiga mbiu wa mtaa akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba nyumba inaungua. Hazikupita dakika kumi, vijana sitini walifika na ndoo, wakamwagia maji jiko, wakavunja ukuta ili kumwokoa, naye akabaki amesimama matopeni ameshika mnofu wake. Mkuu wa vijana alimwambia, "Tusamehe, Pi, sisi tulisikia tangazo tu." Marehemu hakukasirika, alipiga makofi. "Hapo hapo! Ndicho ninachowaambia miaka yote hii! Moto hakuna, ni tangazo tu, na nyinyi na mioyo yenu mizuri mmenibomolea jiko!" Vijana walikubali kwamba sasa wameelewa, kesho yake wakaujenga ukuta upya, na mmoja wao akaja na majani ya mpera.

Alifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1986 na Pu Thanzauva, mwalimu wa hesabu, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa mtoto mmoja, Biakmuana, ambaye ngozi yake haikuwa na doa, jambo lililowafanya majirani waseme kwamba ugonjwa umekwisha katika ukoo.

Mwaka 2005 marehemu alisoma kwamba tarishi wa mwasho wenyewe, anayekwenda moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu na kuiamuru iwashe, amepatikana na kupewa namba thelathini na moja. Alitoka kazini mchana, jambo lisilo la kawaida yake, akamkuta mama yetu akichambua mchele, akamweleza yote. Mama akauliza, "Kwa hiyo nilikusugua bure?" Marehemu, ambaye hakujua kusema uongo hata pale uongo ulipohitajika, akajibu, "Bure kabisa, Mama." Mama aliuweka ungo chini, akaishika mikono ya mwanawe, wala hakuiachia hadi mchele ukaliwa na kuku.

Mjukuu wake wa pekee, Rempuii, alizaliwa mwaka 2017, na katika mwezi wa tatu mashavu yake yaliwiva. Marehemu alimpeleka kwa daktari wa ngozi, alimpaka dawa kwa mkono wake mwenyewe, alificha madodoki yote ya nyumba hii, na aligombana na wengi wenu mlioketi hapa.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara nne, na tarehe 20 Februari 2024, saa tisa alasiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Siku tatu kabla ya hapo alimtazama kaka yake aliyeketi kando ya kitanda akamwambia, "Kaka Thuama, sikuwahi kukuchukia, ila fundo lako lilikuwa kali mno. Usimwache mtu yeyote amfunge Rempuii."

Kwa maana mafundo ya mama yalikuwa yakilegea, kazi ile ya kumfunga mikono akapewa kaka, hodari wa kufunga mizigo ya kuni, na kwa miaka saba fundo lake halikufunguka hata mara moja. Msomaji wenu ndiye huyo kaka, na anaona aibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa maabara waliomvumilia, na majirani kwa jeneza, kwa nyimbo, na kwa majani yote yale.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi. Msomaji alipotoka ndani kuja kusoma, alimkuta Rempuii ameketi kando ya jeneza, mikono yake imezungushiwa vitambaa vyeupe na kufungwa kwenye vifundo vya mikono, kwa sababu mtu fulani, ambaye yuko mstari wa mbele wala hatatajwa, ameona afadhali wageni wasimwone mtoto akijikuna. Historia nzima imesomwa mbele yake, na mtu huyo ameitikia kwa kichwa muda wote.

Basi jeneza lisifunikwe kwanza. Msomaji anashuka kulifungua fundo hilo yeye mwenyewe, kwa kuwa analijua.

Hmingi, mikono yako tumeiacha huru juu ya shuka. Pumzika kwa amani.