Miaka Thelathini na Mitatu ya Kupeleka Nyimbo Ukweni

Mwalimu Loisi Nzowa, mtumishi wa muziki katika usharika wetu hapa Mlowo, anastaafu Jumapili hii, tarehe 29 Juni 2025, baada ya kutumika miaka thelathini na mitatu na miezi mitano. Hiyo miezi mitano ameisisitiza mwenyewe. Amesema wasifu ukipunguza hata mwezi mmoja ataurudisha, kama anavyorudisha wimbo wenye nota za kubahatisha.

Wengi mlitegemea wasifu huu uandikwe na mtu mzima. Kwaya ya vijana ikaniteua mimi, Ketrina wa sauti ya pili, kidato cha tano, eti kwa kuwa siongei lazima nitakuwa nimetunza maneno mengi. Ni kweli nimeyatunza. Yapo ambayo nitayatoa hapa chini, nayo yamenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Mwalimu alianza kazi Februari 1992. Usharika ulikuwa na kwaya moja, kitabu cha nyimbo na koo za waimbaji, basi. Magitaa yalipokuja wazee wakagawanyika. Kinanda cha umeme kilipofika mwaka 2003, yeye ndiye aliyebandika plasta ya vidonda juu ya vitufe vya midundo aliyoona haifai ibadani. Plasta zilikuwa nane. Leo zipo tano. Zile tatu alizibandua kwa mkono wake, kila moja baada ya wiki nyingi za kusikiliza. Hakukataa kitu kwa kuwa ni kigeni, wala hakukubali kitu kwa kuwa vijana tumenuna.

Kipimo chake kila mwanakwaya anakijua. Wimbo unasomwa kwanza, watu wamekaa, kama tunavyosoma somo la Jumapili. Kisha unaimbwa bila ngoma wala kinanda, tuone kama kuna kitu kinabaki. Mwisho unapelekwa ukweni. Kwetu mtu na mkwewe wanaheshimiana hata katika kupishana njiani, kwa hiyo Mwalimu anauliza: wimbo huu, pamoja na miondoko yake, unaweza kuucheza mbele ya mama mkwe wako usitafute pa kuuficha uso? Wengi wetu hatujaoa wala kuolewa, lakini mama wakwe tunao tayari, wa kufikirika na wakali sana.

Ndugu Maduhu alipohamia hapa kutoka Ndalambo, alileta wimbo wa shukrani wenye mdundo wa ngoma za kwao. Mzee Hezron, mwenyekiti wa baraza la wazee, akasema hiyo ni ngoma ya dunia. Mwalimu hakubishana. Alimwomba Maduhu amlete mazoezini mama mkwe wake halisi. Mama yule alikaa nyuma, amejifunika kanga hadi machoni. Kufikia ubeti wa tatu alikuwa amesimama, anaitikia. Siku hizi anayeuomba wimbo huo kila mavuno ni Mzee Hezron.

Sasa nije kwangu. Agosti mwaka jana tulikuwa tunajiandaa kupokea wageni wa kanisa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nilileta tuni yenye neno "mwaiseni", ambalo kila anayefanya biashara Tunduma anajua ni "karibuni" kwa Kibemba. Nikaiwekea maneno ya Kiswahili ya kumkaribisha Bwana moyoni. Mwalimu aliyasoma, tukaimba bila vyombo, wimbo ukaenda ukweni ukapita. Akaniuliza jambo moja tu, nimeutoa wapi. Nikasema kwa kwaya moja ya Nakonde.

Haikuwa kweli. Niliusikia nikiwa kwa shangazi Tunduma, kwenye gari la matangazo lililokuwa linakaribisha watu baa. Nilijua kabisa. Niliupenda, nikaona aibu kusema. Ninasoma kwa Kiingereza na kusali kwa Kiswahili, na siku ile katika lugha zote mbili nilikosa sentensi moja fupi ya kweli.

Siku ya ibada, kiitikio kilipofika, wageni walianza kutazamana. Benchi zima la akina mama liliinamia leso, mabega yanatikisika. Baada ya ibada mzee wao mmoja akauliza kwa upole kama na sisi tunaifahamu baa ile, maana kwa wimbo huo ndio inawaita madereva wa malori.

Baraza lilikaa wiki hiyohiyo. Hoja ilikuwa kwaya ya vijana ivunjwe na kinanda kifungiwe stoo. Mwalimu akasimama.

"Wazee wangu, wimbo niliupitisha mimi. Kama kuna wa kukaa benchi, ni mimi, siyo watoto."

Akakaa benchi la nyuma miezi mitatu bila kuongoza wimbo wowote, katika mwaka wake wa mwisho kazini. Kwaya ikapona. Mimi nikanyamaza, nikaendelea kuimba sauti ya pili.

Wazee wangu, Mwalimu hakukosea kupima. Kipimo chake kilidanganywa, na aliyekidanganya ni mimi. Naomba mnisamehe, na jina lake mlisafishe.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea nyumbani Jumanne, kwa sababu kwake hakuna kinachosimama mbele ya watu kabla hakijasomwa. Aliusoma amekaa, mimi nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Kisha akafuta sentensi moja tu, niliyoandika kwamba hajawahi kukosea.

"Hizo nyingine ziache," akasema. "Zimefika ukweni."

Akaniambia pia kwamba maneno yale ya kumkaribisha Bwana hayana kosa lolote, nikayatafutie tuni nyingine.

Mwalimu, asante kwa sauti zetu, na kwa plasta, zilizobaki na zilizobanduliwa. Tunakuombea afya njema, mvua za kutosha katika kahawa yako kule Itaka, na Jumamosi ndefu zisizo na mtu wa kuchelewa mazoezi. Leo baada ya mahubiri tafadhali ukae benchi la mbele. Kwaya ya vijana itaimba yale maneno kwa tuni mpya, na anayeanzisha peke yake ni mimi. Ukiniuliza nimeitoa wapi, safari hii ninalo jibu la kweli.