Kaseti ya Tokuji Ndani ya Lami

Benchi lenyewe liko nyuma ya stesheni ya Shin-Imamiya, Osaka, kati ya duka la kanda lililofungwa siku nyingi na mashine ya kahawa ya kopo. Hukaa hapo watu watatu walioharibu masikio yao kwa hiari: Mzee Ebisawa, fundi umeme mstaafu, wanamwita Transfoma, Chidori, mpiga mabati jukwaani kwa mnyororo, wanamwita Dada Kutu, na Mikio, muosha vyombo, ambaye hana jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha kulipata. Wote ni waumini wa muziki wa makelele. Mwenzao wa nne, Tokuji, amejiua, na wiki iliyopita mwili wake ulichomwa. Siku chache kabla ya kujiua alipita kijiweni akampa kila mmoja kaseti, kaishonea ndani ya kitambaa cha ovaroli yake ya kazi, kisha kaichovya yote kwenye lami. Huwezi kuisikiliza bila kulikata ganda hilo la lami. Mikio alikuwa na yake mfukoni asubuhi hiyo ya mvua, na roho ilikuwa haimpi raha.

— Mimi naifungua, alisema.

Transfoma nusura amwage kahawa.

— Ufungue nini, wewe? Uichane kazi ya marehemu kama mfuko wa chipsi?

— Huenda katuachia neno, mzee.

— Neno! Toka lini Tokuji akaweka neno kwenye kaseti? Mle kuna kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa ya kule kazini kwake, kaipunguza mwendo mpaka inalia kama ng'ombe. Naijua ile.

— Acha zako, Dada Kutu alidakia. Mle hamna kompresa wala nini. Karekodi chumba chake kitupu, upande wa kwanza mpaka wa pili.

— Na lami je? Transfoma aliuliza.

— Lami ndiyo muziki wenyewe! Ikipoa inajikunja, inaubana utepe, inaandika juu yake. Kila siku kaseti inabadilika. Ukikata tu, umeua.

— Basi mimi nakwambia hamna utepe kabisa, alisema Transfoma, sasa kasimama. Kautoa! Katuuzia ganda tupu, anatucheka huko aliko.

— Hakutuuzia, alisema Mikio. Alitupa.

Dada Kutu alikwenda kununua kahawa nyingine.

Aliporudi alimkuta mwanamke mwenye koti jeusi amesimama mbele ya benchi, mwavuli umekunjwa ingawa mvua bado inanyesha.

— Samahani. Tokuji alikuwa anakaa hapa? Mimi dada yake, Sayo. Nimetoka Wakayama kuja kutoa vitu vyake chumbani.

Waliinama kwa heshima wote watatu, wakampisha akae. Hakukaa.

— Nimesikia aliwapa kitu.

Hapo vinywa vikafunguka. Transfoma alimweleza mishono: yote ya mkono, uzi wa kuvulia samaki, hakuna fundo linaloonekana. Dada Kutu akaeleza kaseti ilivyochovywa mara mbili, tabaka la kwanza la lami likaachwa likauke, la sivyo isingeng'aa vile. Hata Mikio alitoa ya kwake mfukoni akamwonyesha kifungo cha shaba kilichoachwa wazi pembeni. Walisema kwa mapenzi, na kwa kweli walimpenda. Sayo alisikiliza mpaka mwisho.

— Na ndani alisema nini?

— Hatujafungua, dada, alisema Mikio.

— Haifunguliwi, aliongeza Transfoma kwa sauti ndogo. Kwetu sisi, haifunguliwi.

Sayo alitikisa kichwa kukubali. Hakukasirika, na Mikio alitamani angekasirika.

— Sawa. Basi niambieni kitu kimoja. Siku ile alipokuja, uso wake ulikuwaje?

Transfoma alimtazama Dada Kutu. Dada Kutu alimtazama Mikio. Mikio aliitafuta siku ile kwa nguvu zake zote. Alikumbuka kucha zenye lami, na ganda lilivyokuwa bado na joto, na wao watatu walivyoliinamia, wanalinusa, wanabishana. Tokuji alikuwa amesimama pale pale mbele yao, tena kwa muda. Kuanzia mabegani mwa Tokuji kwenda juu, Mikio hakukumbuka kitu.

— Ni mama anauliza, Sayo alisema, kama anayeomba radhi.