Aliyepakuliwa Kwanza

Sogeeni karibu, wanangu, na kabla sijasema lolote fumbeni macho mlione darasa langu la Mji wa Kale, lile lenye dirisha linalotazama ukuta wa Ngome ya Yesu: watoto arobaini wamesimama Ijumaa asubuhi, mikoba mikononi, wanangoja niwasomee alama za jaribio ili kila mmoja akakae kwa nafasi yake, wa kwanza karibu na meza yangu, wa mwisho dawati la nyuma kabisa. Watazameni nyuso. Nilidhani ile ni hamu ya kusoma. Leo nimelala hapa, moyo unanienda mbio, na ndipo ninapojua kwamba walikuwa wakiogopa.

Kulikuwa na mtoto akiitwa Jamaldin. Siku aliyoshuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya thelathini, alifika nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, huku kuna upepo, huko mbele mtaungua!" Darasa zima likacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena. Nikamwacha hivyo hivyo. Wakati huo kilichonitoa kitandani alfajiri ni kutaka mwalimu mkuu asifu darasa langu mbele ya wazazi.

Kosa hilo nikaja nalo nyumbani. Siku ya ripoti nilipakua wali kwa nafasi. Masha alikuwa wa kwanza, basi sahani ya kwanza yake, na kipande kikubwa cha samaki chake, na Kadzo angoje. Baba yenu, Mungu amlaze pema, aliniambia, "Mama Masha, hawa ni watoto, si foleni ya feri." Nikamjibu kwamba njaa kidogo humfunza mtoto. Kadzo mwanangu, mpaka leo huli hadi wenzako wote wamalize, na mimi ndiye niliyekufunza. Nisamehe.

Lakini ninayemwogopea zaidi ni wewe, Masha. Usinikatize, pumzi ni chache. Najua ulianguka wiki iliyopita kwenye yadi ya makontena kule Shimanzi. Musyoka, dereva wako, alimweleza dada yako jinsi ulivyoshika kifua, jasho likikutiririka, na ulipoinuka ukamwambia, "Nyamaza, bwana, mwezi huu wanateua meneja." Una miaka hamsini na miwili, mwanangu, na bado unaikimbilia sahani ile. Nilipokuwa mdogo nilitaka mama anisifu. Baadaye nikataka watu waniamkie njiani kwa heshima, kisha nikawazaa ninyi na heshima yenyewe nikaisahau, nikawa nahesabu homa zenu tu. Siku hizi nasikiliza kama kuna mtu mlangoni. Kutaka kwetu hubadilika, na hilo sikukufundisha. Nilikupa kutaka kwa mtoto wa miaka kumi, ukazeeka nako.

Kadzo, maji kidogo... Inatosha.

Sasa shikeni haya. Nyumba hii ya Makupa ni yenu wawili, na Kadzo ndiye atakayechagua vyumba vyake kwanza. Minazi ya Kaloleni msiigawe, angueni nazi zake pamoja. Nizikeni huko huko, ubavuni mwa baba yenu, na mtu asisimame kusoma vyeti vyangu. Nawe Masha, kesho asubuhi, kabla hujakanyaga Shimanzi, nenda na dada yako hospitali ukapimwe moyo. Naogopa kufika kule nikukute umenitangulia. Sema utakwenda. Sema nisikie... Ahsante, baba.

Mungu awafunike, awape uzee wa taratibu, na watoto wenu wawapende bila kuwaogopa.

Mkono wangu... ushikeni. Naogopa, wanangu. Wanafunzi wangu wasingeamini. Mchana huu mlipopitiwa na usingizi hapo mkekani, mmechoka kuniuguza, niliwasikia mkipumua, wewe na wewe, nikatulia. Sikutaka kitu kingine chochote. Mkiweza... likumbukeni hilo moja tu: mlikuwa mnapumua, na mama yenu akatosheka.